Ng'ombe wa Shemeji

Baba yangu alitafsiri filamu za Kihindi miaka yote tuliyoishi kambini Tanzania, na hakujua neno hata moja la Kihindi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya runinga, ndani ya kibanda umiza, ukumbi wetu wa video, chenye joto na moshi wa jenereta, maikrofoni mkononi, akatuambia kila alichosema kila mtu. Tulimwamini. Sisi Warundi wa kambini tulipimiwa maji, tukapimiwa na mahindi. Angalau uongo wa Baba haukuwa na kipimo.

Katika karibu kila kanda walikuwapo wawili walewale, mwanamume na mwanamke. Mwanamume alikuwa na masharubu na mwendo wa kujidai. Mwanamke alikuwa na macho ambayo yakilia, kibanda kizima kinalia. Baba alimwita mwanamke "dada yetu", basi mwanamume akawa shemeji wa kambi nzima. Kila kanda mpya aliifanya mwendelezo wa ile iliyopita. Dada akitokea na mama mwingine, Baba alisema huyo ni mama mdogo, yule wa kwanza kaenda kutibiwa. Wakifunga ndoa tena, alisema ile ya kwanza ilikuwa ya bomani, hii sasa ndiyo ya kanisani. Wengine hutia chumvi kidogo kwenye habari. Baba alipika chumvi tupu.

Na kwa kuwa kwetu mtu haoi bila ng'ombe, wazee wa benchi la nyuma hawakuacha kuuliza: je, shemeji ameshatoa ng'ombe? Baba hakukosa jibu. Wako njiani, alisema. Ikitokea ng'ombe wakakatiza barabara kwenye filamu, tulipiga makofi mpaka vumbi likatimka.

Kanda moja shemeji alipigwa risasi. Alianguka kwenye matope, mvua inamnyeshea, dada kamlalia kifuani. Kibanda kikanyamaza, maana watu wa mle walikwisha kuona wafu wa kweli na hawakuja pale kuongezewa. Baba akasogeza maikrofoni, akasema kwa upole, "Amelala. Amechoka." Kanda iliyofuata, shemeji huyo akaingia na masharubu yake, buheri wa afya. Mama, aliyekuwa akiuza karanga mlangoni, alicheka mpaka akazimwaga.

Yote hayo yalikuwa yamelala ndani yangu hadi juzijuzi hapa ughaibuni, mjini Louisville, kwenye ghala ninakofunga mizigo. Wakati wa mapumziko mama mmoja wa Kihindi alikuwa akitazama filamu kwenye simu. Nikachungulia begani kwake. Kumbe ni shemeji! Nikamwambia yule mama kwamba huyu ni mtu wa kwetu, kamwoa dada yetu. Aliponielewa alicheka, akafuta machozi kwa glavu. Akanieleza, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, kwamba lugha ile si Kihindi, ni Kitelugu. Kwamba wale wawili hawajaoana, kila mmoja ana nyumba yake. Wamecheza pamoja miaka nenda rudi kwa sababu watu hawataki kuwaona na wengine. Nikamwuliza juu ya ile ya matope. Akasema shemeji anamwambia dada asimsubiri, kisha anakufa.

Nilinuna siku nzima. Nilitaka kumpigia Baba nimgombeze, lakini Baba alikuwa mjini Buffalo na hasemi tena. Kiharusi kilimchukua mkono mmoja na ulimi. Mwalimu wa kumfundisha kusema alikuja na picha za kikombe, za mbwa, za kiti, na Baba akageuza uso ukutani. Mwalimu akaonya kwamba asipojaribu mapema, maneno huenda yasirudi kabisa. Mama aliniambia kwenye simu, "Maisha yangu yote nimeishi na mdomo wa baba yako. Sasa nyumba imekuwa kubwa mno. Hata akinitukana, nitashukuru."

Nikaomba ruhusa kazini, nikashika njia ya Buffalo. Columbus nilimpitia mdogo wangu wa kiume, akachukua usukani, nami nikasinzia. Theluji ilikuwa ikianguka bila haraka. Usingizini nikamwona dada yetu wa filamu na sari yake ya manjano akitembea kando ya barabara kuu, peku, wala haachi nyayo. Nilipofumbua macho, ziwa lilikuwa kushoto kwetu, jeupe mpaka mwisho, na kwa kitambo sikujua ni hili la huku au Tanganyika.

Wazazi wetu wanakaa West Side, nyumba ya mbao ya zamani. Tulipokwisha kula, mdogo wangu aliitafuta ile filamu ya matope mtandaoni, akaiweka kwenye runinga. Mama akaniambia nitafsiri, kwa kuwa mwenye kazi yake hawezi. Nikavuta kiti kando ya runinga. Mdogo wangu akanong'ona kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Nikaunganisha kisa cha dada na shemeji kama nilivyofundishwa, mama mdogo na kila kitu. Baba alikuwa akitazama theluji dirishani.

Shemeji akaanguka. Nilijua ninachotakiwa kusema. Lakini miezi yote tangu kile kiharusi nilikuwa nimewaambia watu kwenye simu kwamba Baba atapona tu, na nilikuwa nimechoka, na hasira ilinipanda.

"Anasema usinisubiri," nikatafsiri. "Amekufa."

Kiti cha Baba kikatoa mlio. Mkono wake mzima ulipiga kiegemeo, mdomo ukaenda upande, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ngeni.

"A... melala."

Mdogo wangu akafunika uso kwa viganja. Mama alikuwa amepakata bakuli la karanga. Aliliweka chini polepole, akamsogelea mumewe mpaka magoti yakagusana, akamwuliza kwa sauti ya wale wazee wa benchi la nyuma:

"Na ng'ombe, je?"

Baba aliutafuta ulimi wake kwa muda mrefu. Kwenye runinga mvua iliendelea kunyesha, hakuna aliyeitazama.

"Njiani," akasema.