Ruta Sebuleni, Mkwe Ghorofani

Nilipojenga nyumba yangu hapa Bariadi kila mtu alinitisha na udongo wa mbuga. Udongo mweusi huu ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka, na nyumba inapasuka nao. Mimi nauza vipuri vya matrekta, sipendi kitu cha kuharibika kizembe. Nikawaambia mafundi washindilie nondo mpaka waone aibu. Sakafu ya ghorofani ilimwagwa zege nene ambalo fundi mmoja alisema trekta lingelala juu yake. Mpaka leo nyumba haina ufa hata wa unywele, na watu wakiisifia nanyamaza, maana zege hilohilo ndilo lililoizuia waifai isipande juu.

Kule juu aliishi mama mkwe wangu. Tulimleta kutoka Mwandoya miguu ilipokataa kabisa, ili awe karibu na hospitali. Wabishi wa kijiweni waliniuliza mgonjwa wa miguu unampandishaje ghorofani, akili ziko wapi. Akili zilikuwepo. Chini kuna bafu moja tu. Kwetu Wasukuma, mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana: hamshikani mikono, huchangii naye bafu, huingii anapolala, na mkikutana kwa bahati mbaya yeye anajifunika kichwa kwa khanga mpaka upite. Vijana wa mjini wanacheka mambo haya. Yeye hakuwa mtu wa kuyacheka, na mimi nimezaliwa Nkoma, nimelelewa hivyohivyo.

Basi shemeji zangu wakambeba kwa godoro mpaka ghorofani, na siku hiyo mimi nikaihama ghorofa yangu mwenyewe. Nikachomelea na mlango wa chuma kwenye kichwa cha ngazi, ili hata bahati mbaya isipate nafasi. Kila asubuhi nilisimama chini ya ngazi nikamwamkia mama huyo kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Naye alinijibu kupitia kile chuma, "Mwangaluka, baba," kwa sauti ya mwanamke aliyezoea kuita ng'ombe Meatu nzima. Heshima yetu ilikuwa hiyo, na niseme ukweli, nilimpenda yule mama kuliko wengine wanavyowapenda wakwe wanaokula nao meza moja.

Runinga ya kule juu ililetwa na kifungua mimba wa mama mkwe, kaka wa mke wangu, aliyekuwa anaishi Ulaya. Alikuja likizo akakuta mama ana mtoto wa jicho, kioo cha simu anakiona mwanga mtupu. Akamnunulia runinga kubwa ya kisasa, ile inayoingia mtandaoni yenyewe, akamwahidi kwamba akirudi kule wataonana humo uso kwa uso. Akaondoka. Runinga ikabaki inazungusha kile kiduara chake. Ruta, kile kisanduku cha waifai, ilikuwa ukutani sebuleni, pale waya wa kampuni ya intaneti unapoingilia, na mtandao ukifika juu ulikuwa hoi. Fundi wa kampuni alikuja, akatazama ngazi, akacheka, akasema mzee toa huu mlango wa chuma kwanza, nao unakula mtandao. Mama mkwe alipopelekewa habari hiyo alisema kama mlango unatoka na yeye arudishwe Mwandoya. Fundi akaahidi kuja kuvuta waya mpaka juu. Nadhani bado yuko njiani.

Halafu yule kaka akafa. Aliugua ghafla huko huko, na mke wake wa kule akaamua azikwe kule. Kwa mzazi wa huku hilo ni pigo juu ya pigo: mwanao anakwenda kulala kwenye udongo usioujua. Matanga yakawekwa Mwandoya, kwenye mji wao, na shemeji zangu wote wakaenda kukaa na wafiwa. Mama hakuweza kusafiri. Ikaja habari kwamba mazishi yataonyeshwa mtandaoni moja kwa moja, Jumamosi alasiri kwa saa zetu. Mke wangu alipomweleza, mama hakulia. Alisema neno moja, nikaletewa chini kama lilivyo.

"Mwambie baba anifungulie hiyo runinga. Nataka nimwone mwanangu akiingia ardhini."

Nilihangaika, jamani. Kampuni nikaipigia mpaka yule binti wa huduma akaijua sauti yangu, akasema fundi ni Jumatatu. Nikamwuliza kama marehemu naye nimwambie asubiri Jumatatu. Akaniomba nisifoke. Nikajaribu kugawa bando kwa simu, lakini kule juu chumbani kwake mnara wenyewe unashikwa kwa kubahatisha, picha ikawa inakuja mabakamabaka. Nikanunua ripita, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ili kivute mtandao na kuusukuma mbele. Mimi nimesimama chini ya ngazi, mke wangu juu, mlango wa chuma katikati. Namwambia bonyeza penye alama ya gia, ananiambia haioni gia. Namwuliza taa ya kidude ni nyekundu au kijani, ananiambia iko katikati. Nikamfokea, eti taa gani inakuwa katikati! Akanijibu kwamba aliyefiwa na kaka ni yeye, siyo mimi. Alisema kweli.

Ijumaa nikaacha ujanja. Nikanunua waya mrefu wa intaneti, nikauchomeka kwenye ruta, nikaupitisha dirishani, nikaupandisha ukutani kwa nje kwa ngazi ya mbao, na mke wangu akaupokea kwa dirisha la juu akauchomeka nyuma ya runinga. Ikawaka. Tukajaribu kwaya, kwaya ikaimba bila kukwama. Nikiwa chini nilisikia mama akigonga sakafu kwa fimbo yake, na nikaisikia sauti yake, "Wabeja, baba." Asante ile nililala nayo.

Jumamosi ilianza vizuri. Kanisa lilionekana, na mama alitambua mpaka rangi ya suti za wabeba jeneza, mke wangu alikuwa ananipasha habari kwa sauti kutoka juu. Walipofika makaburini, mke wangu akavuta kitanda ili mama awe karibu zaidi na kioo. Mguu wa kitanda ukaukanyaga waya. Kile kichwa cha plastiki kina kijino kidogo kinachokishikilia kwenye tundu, kikavunjika, na picha ikaganda. Nikamwambia akisukume ndani, akishike hapo hapo. Akakishika, picha ikarudi. Ilirudi jeneza likiwa juu ya shimo. Mke wangu alipoliona aliachia waya akaanguka kando ya kitanda, na kilio alichotoa sijawahi kukisikia nyumbani kwangu. Nikamwita, hakuitika. Nilichosikia ni fimbo ya mama tu, inagonga sakafu, inagonga, inagonga.

Nikapanda. Nilisukuma ule mlango nilioutengeneza kwa mikono yangu, nikaingia chumbani kwa mkwe wangu bila hodi, nikapiga magoti nyuma ya runinga, nikakishika kichwa cha waya nikakibana kwa juu. Picha ikaja safi, haijawahi kuwa safi vile. Niliiona taswira yake kwenye kioo cha dirisha: majani mabichi, watu wenye makoti meusi, kamba zinaanza kushuka.

Nikageuka nimwone mama akifurahi. Alikuwa amejifunika khanga kichwa kizima.

Nikageuza uso haraka ukutani. Nikamwambia mayu, sikuoni, nimetazama ukuta, tazama mwanao. Khanga haikusogea. Nikamsihi mke wangu ainuke anipokee waya, akanyoosha mkono, waya ukacheza mkononi mwake, picha ikakatika, nikaunyakua tena.

"Baba," mama akasema kutoka ndani ya khanga, taratibu, "toka kwanza nimwone mwanangu."

"Nikitoka itazimika, mayu."

Nami sikutoka. Ningefanya nini? Nikiuachia waya haoni, nikiushika haoni. Nilibaki pale magoti yananiuma, nalia kimya kimya, nikiomba hata umeme ukatike ili lawama iende kwingine. Umeme siku hiyo ulikuwa imara. Mchungaji alisoma kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeielewa. Kisha tukasikia udongo unagonga ubao, koleo baada ya koleo, mpaka mlio ukawa wa udongo juu ya udongo.

"Wameshamfunika?" akauliza.

"Wameshamfunika, mayu."

Nikauachia waya, nikashuka.

Jumatatu fundi alikuja kweli. Akatoboa ukuta, akavuta waya mpya, akafunga kisambazaji kingine pale juu, na mtandao sasa umejaa kila pembe ya nyumba. Mazishi yamehifadhiwa mtandaoni, yanafunguka mara moja ukibonyeza rimoti. Mke wangu alimwambia mama tumwekee ayaone, hakuna mwanaume juu, mlango umefungwa. Mama akamwambia mtu hazikwi mara mbili, na akaomba runinga itolewe chumbani.

Sasa iko sebuleni, chini ya ruta. Kila asubuhi bado nasimama chini ya ngazi, naita, "Mwangaluka, mayu." Anayenijibu siku hizi ni mke wangu, ananiambia mama amesikia.