Vani Isiyougua Mbele ya Fundi

Shemeji yangu, mume wa dada, hukodisha viti na mahema, na mtaa mzima humwita Bwana Viti. Ana vani nyeupe anayoidekeza kuliko anavyomdekeza dada yangu, ambaye siku hizi amekubali yaishe. Mwaka huu mpenzi huyo wa magurudumu alianza kutetemeka. Si kila siku, la! Alitetemeka alipojisikia, na taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, utadhani humo ndani kuna sherehe ambayo dereva hakualikwa.

Basi Bwana Viti akaipeleka gereji. Lakini aliipelekaje? Kwanza aliteremsha viti vyote. Akaiosha mpaka matairi. Kisha akasubiri siku ambayo vani imeamka salama, maana kupita mtaani na gari linalotetemeka ni aibu, na yeye ana jina lake. Fundi akaizungusha barabara zote za jirani, ikatulia tuli. Akachomeka mashine ya kusomea hitilafu, asione cha maana. Akabadilisha plagi ili asionekane hajafanya kazi.

"Mzee, gari yako nzima kabisa," akasema.

Shemeji akarudi kifua mbele. Kesho yake akapakia viti, vani ikatetemeka.

Mchezo huo ulirudiwa mpaka fundi akaanza kumtazama shemeji kana kwamba mgonjwa ni yeye. Na hakukosea sana. Bwana Viti hushikwa na kizunguzungu, na kliniki huenda vilevile: siku anayojisikia vizuri, ameoga, shati limepigwa pasi. Anaambiwa yuko sawa, anarudi na kifua kilekile.

Sasa binti yake akapata kazi ya uuguzi mji wa mbali. Dada alitaka apande basi.

"Nikamwache mwanangu kituoni kama mzigo?" shemeji akafoka. "Nitampeleka mwenyewe, na kitanda chake, na kabati lake."

Tangu hapo hakuzungumzia jambo lingine. Vani ingemwangusha siku hiyo, yeye angejiona si baba tena.

Siku ikafika. Tukapakia, tukapanda: yeye kwenye usukani, binti katikati, mimi mlangoni. Kwenye mwinuko karibu na gereji, vani ikatetemeka hadi meno yetu yakagongana, na taa zote zikawaka. Shemeji akaanza kutafuta pa kugeuzia.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nyumbani. Tushushe mizigo, itulie kidogo, halafu nimpelekee fundi."

"Baba, mgonjwa hapelekwi hospitali akishapona! Ingia hivyohivyo."

Akaingia, jasho likimtiririka, gereji nzima ikimtazama. Fundi akafungua boneti, akamwambia akanyage breki, aweke gia, kisha aguse mafuta. Injini ikainuka upande mmoja kama mtu aliyechoshwa na kikao. Mpira unaoishikilia ulikuwa umekatika. Kila gari lilipoelemewa na mzigo, injini iliruka ikavuta waya, waya ukaachia, taa zikawaka.

"Kumbe! Mzee, unaniletea gari tupu, ningeonaje?"

Mpira ukabadilishwa, waya ukafungwa vizuri. Shemeji akacheka sana, kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili. Akashika mlango wa dereva, na hapo akasimama bila kupanda.

"Vipi, baba?"

"Sijambo."

Binti akamkazia macho. Shemeji akaitazama vani, akalitazama na shati lake lililolowa jasho.

"Kizunguzungu kimenishika," akasema taratibu. "Sasa hivi. Nawaona mko wawiliwawili."

Akanipa ufunguo. Nilimwonea huruma, mimi niliyemcheka miaka yote.

Tukaenda kliniki hivyohivyo alivyo, na kwa mara ya kwanza kipimo cha presha kikaukuta ugonjwa nyumbani. Daktari akashangaa alikuwa anatembeaje. Usukani akakatazwa mpaka dawa zikolee.

Siku ya pili yake tuliondoka, mimi nikiendesha, yeye pembeni, dawa mfukoni, shati limejaa mikunjo. Na kila askari aliyetusimamisha njiani akiniuliza tunakwenda wapi, shemeji alijibu kabla yangu: "Nampeleka binti yangu."