Migongo Miwili kwenye Kitambaa cha Unga

Wanga wa muhogo ulioungua kidogo, ukichanganyika na mafuta ya taa: hiyo ndiyo harufu ya kiangazi kimoja cha miaka ya hamsini, nyuma ya nyumba yetu Mbugangari, hapa Gisenyi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kiangazi kile tulikaa na mgeni aliyeitwa Fundi Shamavu, mchoraji kutoka upande wa Goma. Jina lake lilikuwa kubwa. Wazungu waliokuja kupumzika kwenye hoteli za ziwani walimuulizia, na hata Bukavu walimtaja watu ambao hawakuwahi kumwona. Kwetu alifuata cherehani. Alikuwa anachora kwenye mifuko ya unga wa ngano, ile ya kitambaa cheupe, na Baba alijua kuiunga miwili au mitatu bila mshono kutuna. Hata hivyo mshono ulionekana. Katika kila picha yake ya ziwa kulikuwa na mstari uliokata maji.

Mimi na dada yangu mkubwa, Zubeda, tulikuwa tunakaa kwenye ngazi ya jikoni kumtazama. Alikuwa anapika wanga, anaupaka kwenye kitambaa, anakianika mpaka kikauke na kuwa kigumu kama ngozi. Kisha alikipaka chote rangi nyeusi. Weusi huo aliutengeneza mwenyewe kwa masizi na mawe ya volkano, akiyatwanga kwenye kinu ambacho Mama alitwangia sombe, majani ya muhogo, bila kuomba ruhusa.

"Shamavu, leo tunakula sombe ya mawe?" Mama alimuuliza siku moja.

"Itawapa nguvu, mama. Volkano haijaua mutu kwa tumbo."

Kitambaa kikishakuwa cheusi kabisa ndipo alipoanza kazi, akiweka mwanga kidogo kidogo: ukingo wa mlima, bega la mtu, povu la maji. Zubeda alimuuliza kwa nini haanzi na nyeupe kama watu wengine. Alisema, "Giza iko tayari, mutoto. Mi natafuta tu mwangaza iko wapi."

Siku za kuondoka zilipokaribia alitaka kutuchora sisi wawili, iwe shukrani. Baba alikataa. Nyumba yetu ilikuwa ya Waislamu, na tulikuwa tunaswali katika sebule ile ile. "Sura ya mutu haitapanda kwa ukuta yangu," alisema. Shamavu alifikiri, akasema, "Bon. Nichore migongo yao. Mugongo nayo iko na kosa?" Baba alicheka, akakubali.

Tukasimama ufukweni tukitazama ziwa, yeye nyuma yetu. Zubeda hakuweza kutulia. Alisimama kwa mguu mmoja, akikuna kigimbi cha mguu huo kwa unyayo wa mwingine, kama alivyozoea, na Shamavu akamchora hivyo hivyo. Picha ilipotundikwa majirani walikuja kuiona, na kila mmoja alifanya jambo moja: aliinua pembe ya kitambaa akachungulia nyuma yake. "Na sura zao? Amezificha huku?" Walijua kabisa hakuna kitu, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Mama alisema wageni wetu wote wanatafuta mende.

Kitambaa kile kilipotea miaka ya kukimbia vita, pamoja na vitu vingine vingi ambavyo sivikumbuki. Hicho nakikumbuka kwa sababu hatukuwa na picha nyingine yoyote ya utotoni. Zubeda alikua, akauza vitenge, akazeeka karibu nami. Mwaka jana aliugua. Hakuomba mengi. Aliniambia, "Tafuta mutu anachora kama Shamavu. Anirudishe pale kwa maji."

Nilitafuta. Mjukuu wangu Idrisa alinionyesha picha kwenye simu, akanipeleka kwa moto, zile pikipiki za abiria, kwenye maduka ya ziwani, na tukavuka mpaka wa Kongo hadi Goma kwa vitambulisho, mahali ambapo zamani tulivuka kama mtu anayekwenda kwa jirani. Wachoraji wako wengi sasa, na wengine ni wazuri sana. Wanachora volkano na ziwa, vile vile alivyovichora yeye. Lakini picha zao zinang'aa kila mahali, hakuna kinachotoka gizani. Kijana mmoja mwenye adabu aliniambia, "Bibi, lete foto yake, nitaifuata." Nilimjibu kwamba ningekuwa nayo nisingekuja. Zubeda alikufa kabla sijapata mtu.

Baada ya matanga niliendelea kutafuta. Sikujua namna ya kuacha. Ndipo Idrisa akanipeleka kwa msichana anayeitwa Solange, anayechorea kwenye gereji ya mjomba wake, hapa hapa mjini kwetu. Mlangoni vilikuwa vimeegemezwa vitambaa vyeusi vitupu, vinakauka. Alikuwa hajawahi kusikia jina la Shamavu. Nilimweleza: wasichana wawili, ziwa, mmoja kwa mguu mmoja. Aliuliza swali moja tu.

"Mguu gani, Bibi?"

"Wa kulia."

Picha si ya Shamavu, sitadanganya. Weusi wake umetoka kwenye kopo, kitambaa ni cha dukani, maji hayana mshono. Hainuki muhogo wala mafuta ya taa. Mabega ya Zubeda yamekuwa mapana kuliko yalivyokuwa. Sebule yangu pia siyo ile, na Baba aliyekataa sura ukutani hayupo, wala Mama aliyetania habari ya mende. Idrisa aliitundika, akarudi nyuma kuitazama. Mimi nilikwenda moja kwa moja, nikainua pembe, nikachungulia. Katika picha zote nilizoonyeshwa mwaka mzima, sikuwahi kufanya hivyo.

"Bibi, unatafuta nini huko?"

"Sura ya dada yangu."

Hakucheka. Alikuja, akainua pembe ya pili, akatazama pamoja nami.