Koti la Makete Halipimwi kwa Jua la Ilala

Siku ile tulikuwa watano, mwanangu, na wote nawakumbuka. Nilikuwapo mimi, dada mkubwa. Mdogo wangu Zawadi, aliyekuwa amepata shule ya bweni Makete, kule kwenye milima ya baridi. Rajabu, kitinda mimba wetu mwenye mdomo. Mama Tulizo, mwanamke wa Njombe aliyeuza makoti ya mtumba soko la Mchikichini, Ilala. Na Mzee Kombo, mtunza chumba cha barafu pale soko la samaki la Feri. Wazazi wetu walikuwa wameshatangulia. Mimi niliacha shule darasa la sita ili hawa wawili wasome, nikawa nasuka nywele kibarazani Kariakoo.

Kifua cha Zawadi kilikuwa chepesi kushika homa. Mwaka uliotangulia binti wa jirani yetu alirudishwa na baridi ya huko huko, na shule ikaishia hapo. Nilikuwa na uwezo wa koti moja tu, na sikutaka Zawadi aishie nilipoishia mimi.

Basi nikalichagua kama mtu wa Dar. Unatujua: ikifika Juni, upepo wa kusi ukipuliza kidogo, vijana wanavaa majaketi huku migongo imelowa. Fasheni ya mwaka ule ilikuwa koti fupi la ngozi ya bandia, linang'aa, lina zipu hata mahali pasipo mfuko. Nikamvalisha Zawadi saa sita, jua la utosi. Haikupita dakika, jasho likamfika kidevuni. Nikafurahi. Nikamwambia muuzaji, "Hili lina joto kweli," nikalipa.

Tukapita mezani kwa Mama Tulizo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu binti anaenda wapi na ngozi ya chura?"

"Makete."

Alicheka mpaka akashika meza. "Umelipima vipi?"

"Kwa jasho, mama. Limemtoa jasho."

"We binti, hapa hata kanga itakutoa jasho. Koti la Makete unalipima kwa jua la Ilala?"

Nilinuna. Nilikuwa na umri ambao mtu akikukosoa nguo unaona amekukosoa ukoo. Yeye hakubishana. Alichukua koti moja la sufu, la kahawia, pana kama gunia, akamwachia jirani meza yake, akasema, "Twendeni Feri."

Mzee Kombo alitutazama tulipofika na koti mkononi. "Mama Tulizo, humu wanaingia samaki."

"Leo wanaingia wanafunzi."

Akafungua mlango. Tuliingia wanawake watatu katikati ya vibua na changu, Rajabu akabaki mlangoni akila muhogo. Punde lile koti la kung'aa likakakamaa, likawa linakwaruza Zawadi akiinua mkono. Kiuno chake kilikuwa nje.

"Dada," akasema, "hili koti lina baridi kuliko mimi."

"Na dada mwenyewe meno yanapiga ngoma ya mdundiko," Rajabu akadakia. Mzee Kombo akageuka kuficha kicheko.

Mama Tulizo akamvua, akamvika la sufu. Mabega ya Zawadi yakashuka, mikono ikapotea ndani ya mikono ya koti. Tukangoja. Mwishowe akasema, "Hapa hata hesabu naweza kufanya." Nikacheka huku natetemeka, na machozi yakanitoka.

Pale pale mama yule akanifunza. "Koti shika ndani kwanza, nje baadaye. Lipite nyonga. Ukosi ufike shingoni. Uache nafasi ya sweta. Ukishamaliza hayo, ndipo uulize kama linapendeza." Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, nami mkakasi wangu nilikuwa nimeushika mkononi.

Hela ilikuwa imekwisha, na tuliporudi sokoni muuzaji wa lile la kwanza hakukubali kulipokea. Nikamwambia Mama Tulizo hivyo, kichwa chini.

"Nani amekudai hela? Mimi nami nilivalishwa na mtu. Utanilipa kwa mtoto mwingine."

Fundi wa mtaani kwetu alilibana lile la sufu kiunoni, nikamwomba ashone kitenge cha marehemu mama yetu kwenye ukosi. Zawadi aliandika kwamba wasichana wa Makete walimzunguka wakiuliza hiyo ni fasheni gani ya Dar. Mwaka uliofuata watatu walikuwa na kosi za vitenge. Alimaliza shule bila kurudi nyumbani kwa homa hata siku moja. Lile la kung'aa alilivaa Rajabu sikukuu ya Idi, akaloa kama aliyetoka kuoga, akakataa kulivua.

Mwanangu, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ila mimi ulimwengu ulinifunza kwa upole. Fasheni ipende, mtu hajakatazwa kupendeza. Lakini kwanza uliza nguo itakwenda wapi, kisha uliza itaonekana na nani. Na anayekucheka kwa kuwa anajua, mfuate hata kama anakupeleka kwenye barafu.

Mwenyezi Mungu akupe mwili wenye joto, na jicho la kumwona anayetetemeka kando yako.

Mimi bado nadaiwa. Kila Juni navalisha mmoja, na kila Juni anatokea mwingine. Binti wa chumba cha pili anaondoka wiki ijayo kwenda Mbeya. Koti nimeshampatia, la sufu. Umebaki ukosi wa kitenge.