Nilimwambia Kweupe

Nilijifunza kuendesha gari nikiwa na miaka arobaini na moja, baada ya kuchoka kupakia mabelo yangu ya vitenge kwenye magari ya watu. Nilinunua kigari kidogo chekundu kilichokwisha kutumiwa na wengine, na wafanyabiashara wenzangu pale Kahama wakakicheka mpaka wakachoka. Sikujali. Wiki moja nilikwenda gulioni Ushirombo, wiki nyingine Mwakitolyo kwenye mashimo ya dhahabu, ambako mchimbaji akipata anamnunulia mkewe doti tatu kwa mpigo, na asipopata anapita mbele ya meza yako akitazama mbinguni.

Kilichonipa raha kuliko gari lenyewe kilikuwa kuulizwa. Anayeendesha barabara zetu anajua ninachosema. Unakutana na gari linalotoka uendako, dereva anakukonyezea taa mara mbili, na maana yake ni moja tu: vipi huko utokako, wapo? Wanaoulizwa ni askari wa barabarani na ile mashine yao ya kupimia mwendo, tunayoiita tochi. Kama wapo, unashusha kidole chini. Kama hawapo, unatoa mkono dirishani na kupunga kiganja juu, kweupe, pita zako. Siku ya kwanza dereva wa lori la tani thelathini aliponiuliza mimi, mwanamke mwenye kigari cha kubebea nyanya, nilihisi nimepewa cheo. Nilimpungia mkono kwa madaha kama bibi harusi.

Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninakimbiza gari. Swali hilo halipo kwetu. Mwaka wangu wa pili barabarani nilipigwa tochi mahali penye kibao cha hamsini. Askari aliyenisimamisha alinionyesha kwenye simu picha niliyopigwa na mwenzake kilomita mbili nyuma, kigari changu kikiwa na sabini na moja. Niliporudi mjini watu walinipa pole kama nimefiwa. "Pole sana mama, walijificha wapi?" Jirani yangu, mtu wa swala tano, alinishika mkono na kunielekeza kichaka ambacho askari hupenda kukaa, ili nisirudie kosa. Kosa, kwa maelezo yake, lilikuwa kutokitazama kichaka. Nilimshukuru. Nilikiweka kile kichaka kichwani na kibao cha hamsini nikakisahau.

Katika kijiji kimoja kabla hujafika Ushirombo nilikuwa na fundi wangu wa kushona. Alikuwa mwanamke wa Kisukuma, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, mwembamba, mwenye maneno machache na mkono usiokosea. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, hatua kama ishirini kutoka kwenye lami, karibu na kibao cha hamsini. Mimi nilimletea vitambaa na vipimo vya wateja, yeye alishona, nami nilichukua nguo nilipopita. Alinishonea na mimi pia. Gauni nililolipenda kuliko yote lilikuwa la kitenge cha njano, lenye mikono mipana ya kengele, mtindo alioubuni mwenyewe. Nikilivaa watu waliniuliza fundi ni nani, nami nilimtaja kwa majivuno kana kwamba nilimzaa.

Kwa kuwa alishinda barazani akiitazama barabara, ndiye aliyekuwa jicho langu. Siku za gulio alinipigia simu kabla sijatoka. "Shikamoo dada. Leo wapo, wamekaa kwenye mwarobaini wa shule." Au alisema: "Leo hawapo, dada. Kweupe." Hakuona ubaya wowote, nami sikuona. Alikuwa ananitunza. Nilikuwa namwachia kipande cha kitambaa cha ziada, basi, tumemalizana.

Siku ninayoisimulia aliniambia kweupe.

Nilikuwa nimechelewa. Nilivaa lile gauni la njano kwa sababu gulioni nauza vizuri nikiwa nimelivaa. Nilipokiona kijiji kwa mbali sikugusa breki, maana nilikuwa na neno lake kwamba hawapo. Niliingia na themanini. Sikuutazama mshale wa mwendo siku ile, lakini ninalijua gari langu na ninaijua sauti yake ikifika themanini.

Fundi alikuwa amevuka barabara. Alikuwa amesimama upande wangu, upande wa kushoto, na mfuko wa nguo mkononi, ili nisipate tabu ya kuteremka. Ilikuwa tabia yake, hakutaka kunichelewesha. Aliunyanyua ule mfuko juu nilipokaribia. Nami kwa mwendo ule sikuweza kusimama, na kusema kweli sikutaka. Nilipiga honi na kumwonyesha kwa kidole kwamba nitauchukua nikirudi. Alicheka. Niliyaona meno yake.

Mwisho wa kijiji nikakutana na gari kubwa jeupe likitoka Geita. Likanikonyezea taa mara mbili. Nikautoa mkono wangu dirishani, wenye ule mkono mpana wa kengele, nikampungia kiganja juu. Kweupe. Lilinipita kwa upepo uliokitikisa kigari changu, nami nikafikiri, huyu naye ana haraka. Nikafika Ushirombo nikauza vitenge vizuri.

Nilirudi saa tisa alasiri. Nilikuta umati barazani kwa fundi, na lile gari jeupe limesimama mtaroni bila kioo hata kimoja. Mwenyewe, mnunuzi wa dhahabu wa makamo, alikuwa amefungiwa ndani ya ofisi ya kijiji ili vijana wasimuue. Dirisha la ofisi lina nondo, na alikuwa amezishika nondo, anapiga kelele, "Niliuliza! Jamani niliuliza! Nikaambiwa kweupe!"

Alilisema kama utetezi. Na kinachonitisha mpaka leo ni kwamba umati uliupokea kama utetezi. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kibao cha hamsini, kwamba kuna watu. Mzee mmoja alitikisa kichwa na kusema, "Basi huyo aliyemwambia kweupe ndiye muuaji." Mwanamke mmoja akasema, "Na alaaniwe, popote alipo."

Nami nikasema, "Alaaniwe." Nilisema kwa sauti, watu wakanisikia.

Fundi hakufa. Alikuwa ameshakimbizwa hospitali ya misheni. Alikuwa amegeuka kurudi barazani kwake, baada ya mimi kupita bila kusimama, na lile gari lilimkuta katikati ya lami. Mguu wa kushoto ulikatwa juu ya goti. Wa kulia waliuokoa, lakini kifundo kilikaza na hakikukunjika tena. Mfuko wa nguo niliuona pale pale, umekanyagwa na watu. Nikautia ndani ya gari langu, nikawapa wateja nguo zao baada ya kuzifua. Sijui kwa nini ninaliona hili kama jambo baya kuliko mengine yote, lakini ndivyo ninavyoliona.

Kwa miezi mitano nilikwenda kumwona kila wiki. Nilipeleka mchele, sabuni, mafuta. Familia yake waliniombea dua, wao Wakristo, mimi Mwislamu, wakasema hajawahi kuonekana rafiki wa namna ile. Mama yake mzazi alikuwa akinipokea mfuko na kunipigia magoti kidogo kwa adabu ya kwao, mimi ninayestahili kumpigia magoti yeye. "Mwangaluka, mayu," ananisalimia kwa Kisukuma, naye ndiye mayu, ndiye mama. Nilikula ugali wao. Kila nikiondoka nilijiambia wiki ijayo nitasema. Wiki ilikuja, sikusema. Mimi ninayewakaripia madalali wa vitenge hadharani wakinidanganya bei, nilikuwa mwoga wa mwanamke mwenye mguu mmoja aliyekaa kwenye mkeka.

Cherehani ilifunikwa turubai. Inataka miguu, ikanyagwe mbele na nyuma kwa mwendo mmoja usiokatika, na miguu ndiyo hiyo haikuwepo. Lakini barazani alitolewa kila asubuhi, akaketi akiitazama lami, na simu yake mapajani. Madereva walikuwa na namba yake. Wengine walikuwa wameipata kwangu. Waliendelea kumpigia kuuliza kama wapo, ajali ile wameisikia na pole wamempa.

Nilisema mwezi wa sita baada ya ajali, mchana, tukiwa wawili tu. Mama yake alikuwa amekwenda kisimani. Nilisema haraka bila kupumua, "Ni mimi niliyemwambia yule mtu kweupe."

Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

"Najua, dada," alisema. "Niliuona mkono wako ukitoka dirishani. Mikono ile niliishona mimi."

Nilianza kulia. Alinitazama bila hasira na bila huruma, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Ulijua wakati wote huu?"

"Tangu nikiwa nimelala pale chini."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe nani alikuambia kweupe?" Akalitupa jiwe dogo nje ya baraza. "Mama asijue. Nisipokuwa na wewe nani ataniletea mchele?"

Nilitaka anitukane. Kwa miezi sita nilikuwa nimeyapanga matusi yake kichwani na namna nitakavyoyapokea, na sasa nilikuwa nimepewa kitu kigumu kuliko matusi, nimeambiwa niendelee kuleta mchele. Simu yake ikaita. Akaiweka sikioni. Nilisikia sauti ya dereva na muungurumo wa injini nyuma yake. Alikuwa anauliza.

Nikaitazama barabara pamoja naye. Watoto wa shule walikuwa wanatoka, sare zimejaa vumbi, wengine wamekaa ukingoni mwa lami wanachezea kokoto. Kwenye mwarobaini hapakuwa na mtu. Kichakani hapakuwa na mtu.

"Wapo," alisema fundi. "Wako watatu leo, na tochi mbili. Ingia taratibu kabisa."

Akakata simu, akaendelea na mchele. Baada ya dakika chache lori likapita polepole, dereva akitafuta kwa macho huku na huku, na watoto hata hawakuinua vichwa.

"Watajua unawadanganya," nilisema.

"Watajua," alijibu.

Walijua ndani ya wiki mbili. Madereva huambiana mambo upesi kuliko sisi wauza vitenge. Walimwita mwongo, wengine walimpigia kumtukana, kisha simu ikaacha kuita. Mimi nami nilikuwa nimeanza kushusha kidole kwa kila aliyenikonyezea taa, wawepo wasiwepo. Nilipata siku kama kumi. Baadaye wakakifahamu kigari chekundu pia.

Sasa hakuna anayeniuliza. Naendesha hamsini penye hamsini, malori yananipigia honi kwa nyuma na kunipita palipochorwa mstari usiovukwa, na wanaotoka mbele wananipita taa zao zimezimwa. Ijumaa iliyopita nilipeleka mchele. Fundi alikuwa barazani, mama yake amemwekea mto mgongoni. Gari likasikika kutoka upande wa Geita, bado halijaonekana, na sote watatu tukatega masikio. Fundi alikuwa ameshajifunza kuusoma mwendo wa gari kwa sauti tu.

"Themanini," alisema, akageuka kuwatafuta kwa macho watoto wa shule barabarani.