Kidole cha Mwalimu Kule Mollo

Jumatatu asubuhi nilikuwa kijijini Mollo, huku kwetu Ufipa, kwenye ghala la mama mmoja mfanyabiashara wa nafaka, nikakuta darasa la shahada ya uzamili uani. Mwalimu wa ugavi alikuwa amewaleta wanafunzi wake wajifunze kazi ya ushauri. Malori matupu yalikuwa yamejazana getini yakingoja mahindi, yaliyojaa yameshindwa kutoka, na wingu zito lilikuwa likija.

“Shikamoo, mama. Tunakushauri upanue geti,” alianza binti mmoja.

Mwalimu akainua kidole. “Bado hujamuuliza.”

Binti akamgeukia mama. “Mama, unaogopa nini hasa?”

“Muze,” mama akajibu. “Mpunga wangu uko kule bondeni. Mvua ikinyesha, lori halipandi tena mlima. Haya mahindi nitayafunika tu.”

Binti akatazama malori, akatazama wingu. “Basi mama, haya matupu yashuke Muze sasa hivi. Mahindi yatangoja.”

Matupu yakaondoka, njia ikafunguka, yaliyojaa nayo yakatoka. Nilipigwa na butwaa. Mwalimu hakuwa amefundisha kitu zaidi ya kile kidole!

Darasa halikuondoka; sote tulingoja habari za Muze. Jioni, mvua ilipoanza kupiga bati, simu ikalia: mpunga wote umeshapanda mlima. Mama akakunja magoti mbele ya yule binti, akampigia makofi ya taratibu, heshima ambayo sisi Wafipa huwapa wakubwa.

Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri namuuliza anaogopa nini. Wengi hujijibu wenyewe, wakaniacha na ushauri wangu mdomoni.