Spika Zilizoniozesha

Mama yangu alikuwa na ufunguo mmoja aliouvaa shingoni kwa uzi mweusi, chini ya gauni, na hakuuvua hata akienda kuoga. Ulikuwa wa chumba kirefu cha uani kwetu, mtaa wa Biryogo. Marehemu baba alikijenga kwa ajili ya siku moja tu, siku ya harusi yangu, ili wageni wapate pa kukaa. Mimi nilikuwa nimeshapita thelathini, mume hayupo, mchumba hajulikani, na chumba kilikaa na mikeka yake iliyokunjwa na sakafu yake laini ya saruji, kinasubiri. Nilikuwa nikichungulia kwenye tundu la ufunguo, na wala sikuwaona wageni. Niliona mahali pazuri pa kurukaruka.

Nilikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule ya wasichana. Miaka ile ya mwanzo ya tisini, wake za watu wa ofisini walikuwa wameanza kwenda mjini kuruka kwa muziki, wakiita jim toniki, na wanawake wa mtaani kwetu wakaniuliza kwa nini wao wasiruke. Hawakutaka kuonwa na wanaume, na hawakutaka kupanda kilima kizima ili wakachoke huko juu. Nikamwomba mama chumba.

"Chumba hicho kitaona harusi kwanza," alisema. "Baada ya hapo fugeni humo hata mbuzi."

Nilimjua mama. Ombi tupu alilikataa bila kuinua macho kwenye mboga, lakini kitu kilichokwisha kufika nyumbani alikionea huruma. Ndivyo tulivyopata paka. Nikaamua nitafute vyombo vya muziki kwanza, niviweke mbele ya macho yake, halafu niombe upya.

Mtaa wa jirani, Rwezamenyo, kulikuwa na mzee aliyeuza na kukodisha vyombo hivyo, mwenye tumbo kubwa na subira ndogo. Nilimwambia nataka kitu cha kuwarusha wanawake ishirini.

"Usichague na masikio ya hapa dukani," alisema. "Hapa yote inaimba muzuri. Beba moja, sikiliza kwako siku moja, rudisha, beba ingine. Ile moyo itapenda, utabaki nayo. Lakini siku ni moja, sha. Ukichelewesha saa moja, nakuja mwenyewe."

Nilianza na redio kaseti kubwa yenye taa za rangi zilizochezacheza. Niliiweka uani, kwa kuwa chumba kilikuwa kimefungwa, nikaruka. Ilipiga vizuri mradi nisimame kimya. Nilipoanza kukanyaga na kuhesabu kwa sauti, muziki ulitoweka kama mgeni aliyeona sahani ni chache. Nikairudisha.

Siku ya pili nilileta pembe ya bati, kama zile za msikitini na za mikutano ya siasa, maana wakati ule kila mwenye kofia alikuwa na chama. Sauti yangu ilitoka safi mno, hata nikasikia jinsi ninavyogomba. Muziki ndani yake, lakini, ulikuwa vitunguu vinavyokaangwa. Kabla ya wimbo wa pili kuisha, vijana wawili walisimama mlangoni wakauliza huu ni mkutano wa chama gani. Nikawajibu ni chama cha wanene. Mmoja akauliza kadi zinatolewa wapi.

Siku ya tatu zikaja spika mbili ndefu, zenye kunifika kifuani, na amplifaya yake, zikisukumwa na watu wawili kwenye toroli. Hizo mapigo yake hayakupitia masikioni, yalipanda kwa nyayo. Mtu asiyejua kuhesabu hadi nne angehesabiwa na ardhi. Maikrofoni ilipiga mluzi kila nilipoielekeza kwenye spika, nikajifunza kusimama nyuma yake, mluzi ukaisha. Nikasema moyoni, ndizo hizi. Mama alikuwa jikoni. Niliona mwiko wake ukifuata mapigo.

Jioni ile fundi cherehani wa mlango wa pili aliingia na utepe wake wa kupimia shingoni.

"Dada, simama nikupime mabega. Samedi iko karibu sana."

"Jumamosi kuna nini?"

"Aah. Bibi arusi hawezi kujiuliza hivyo," alisema, akanipima hivyo hivyo nikiwa nimeduwaa.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichosahau. Mtaani kwetu harusi haikuhitaji kadi. Ukisikia spika ndefu zinalia uani mchana, unajua nyumba ipi ina binti, unabeba sufuria. Kesho yake sufuria zikaanza kuingia kweli, zile kubwa za kupikia watu wengi. Wanawake waliozoea kunisalimia kwa huruma sasa walinisalimia kwa heshima, na sitaficha, heshima ile ilikuwa tamu. Nilipokwenda Rwezamenyo kumbembeleza mzee aniongezee siku, nilimkuta ameshasikia.

"Alusi ni samedi, rudisha lundi," alisema, yaani Jumatatu, akanipa na waya mrefu zaidi bila kuombwa. "Na bafle usiweke chini ya jua."

Bafle ndizo spika, kwa Kifaransa cha dukani kwake. Mtu huyu alikuwa ameninyima saa moja. Nikaona nisikufuru riziki, nikafunga mdomo, nikajiambia nitawaeleza watu kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Nikamwomba mama awaambie majirani hakuna harusi. Alisema ndiyo, ndiyo, huku anachambua mchele. Ulikuwa mchele mwingi sana kwa watu wawili na paka.

Jumamosi niliamka nikakuta chumba kiko wazi. Mikeka imetandikwa, madirisha yamefunguliwa, spika zangu zimeingizwa ndani na kupangwa kila moja kwenye kona yake. Uani kulikuwa na wanawake wamejaa, wengine na hina mikononi. Fundi cherehani alikuwa mlangoni na gauni jeupe kwenye mkono. Nikamvuta pembeni.

"Nani alikwambia ni Jumamosi?"

"Si mama yako? Siku ya ile redio ya mataa. Nilikuja kuuliza hii kelele iko ya nini, akasema mwanangu anaolewa samedi, uambie na wengine."

Siku ya redio. Kabla ya pembe, kabla ya spika ndefu. Nikaenda jikoni nikiwa nimepandwa na hasira.

Wanawake walikuwa wamezunguka beseni la vitunguu, wanamenya na kufuta machozi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti katikati yao, kitenge kipya, mikono mapajani, hafanyi kitu chochote. Sikuwahi kumwona mama amekaa hivyo.

Niliinama sikioni mwake. "Mama, umewadanganya watu."

"Nimewaalika," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe huolewi, mwanangu. Najua, usinieleze. Lakini mimi nimemenya vitunguu kwenye kila ua wa hapa tangu sina mvi. Nami nilitaka nikae kwenye kiti siku moja, wanimenyee."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilimpenda mama saa ile, na nilimhurumia. Miaka yote nilidhani anamngoja mume wangu. Kumbe alikuwa anawangoja watu.

Pilau ilipopakuliwa, bibi mmoja mzito, mkubwa kuliko wote pale, aliweka mikono kiunoni. "Bwana arusi yuko wapi? Sisi tutakula tukimwangalia nani?"

Nikamtazama mama. Mama akainuka polepole, akanyoosha kidole kwenye kona.

"Yule pale. Mrefu, sauti nzito, halewi, na akizidisha kelele tunamzima."

Wote wakageukia kona. Kisha mmoja akacheka nyuma, akafuata mwingine, wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Yule bibi alifyonya, akabeba sufuria yake, akafika mlangoni. Harufu ya pilau ikamfikia. Akarudi, akaketi, akasema amerudi kwa heshima ya mchele. Walipokwisha kula niliwasha amplifaya, nikasimama nyuma ya spika kama nilivyojifunza, nikawaambia mguu wa kulia. Wakaruka na hina zao na dhahabu zao, na bibi yule akatushinda wote kwa pumzi.

Baada ya mauaji ya miaka ile, wengi waliokuwa mle ndani siku ile siwezi tena kuwaalika popote. Ninapowakumbuka huwaacha humo humo, wameshiba, wanakosea miguu na kucheka.

Jua lilipoanza kushuka, mama aliniita kwenye kiti chake. Alitaka kufungua uzi wa shingoni, lakini fundo lilikuwa limeshikana kwa miaka mingi mno. Akachukua kisu cha vitunguu, akaukata, akaniwekea ufunguo mkononi ukiwa na joto lake.

"Nimekuoza," alisema. "Sasa usinidai kitu."

Kisha akageuka kuzitazama spika. "Ongeza sauti kidogo. Kuna nyumba moja kule juu nimewapikia harusi tatu, na leo hawakuja."

Nikaongeza hadi mwisho.